Meno Yaliyolala Juu ya Tope

Juni 2

Daktari wa masikio amesema nikitaka kuendelea kuzamia, niandike kila siku masikio yanaendeleaje. Nimenunua daftari. Masikio: mazima.

Msimu umefunguliwa leo. Mto umetulia, tope limeanza kukaa chini, na kule mita kumi na tatu niliweza kuuona mkono wangu hadi kwenye kiwiko. Kwa mto huu hiyo ni anasa. Wateja watano, meno tisa, yote madogo. Mdogo wangu aliwapokea gatini na shati jipya, mgongoni jina la kampuni, kifuani neno BOSI. Ameliagiza mwenyewe. Humu ndani nitamwita Bosi, kwa kuwa naona ndivyo roho yake inavyotaka.

Juni 3

Masikio: mazima. Meno sita.

Juni 8

Daktari atasoma habari za masikio tu, hana muda wa mengine. Basi mengine nitayaandika, maana nyumbani sina wa kumwambia.

Kazi yetu ni kuwapeleka watu chini ya mto wenye giza wakatafute meno ya papa. Si papa wa leo. Ni wale waliokufa kabla hajazaliwa mtu wa kuwaogopa, wakubwa kuliko boti yetu, na meno yao yamegeuka jiwe na kuzikwa chini ya kokoto pale mto unapokaribia bahari. Tunashuka maji yanaposimama, kati ya kujaa na kupwa, na tuna dakika arobaini tu. Mtungi wa hewa mgongoni, mkanda wa madini ya risasi kiunoni wa kukuvuta chini, tochi kichwani, bisibisi mkononi. Bisibisi unaichoma chini ili mkondo usikuchukue. Mkono wa pili unapapasa. Mimi natangulia na kamba, wateja wanaifuata wameishika, mmoja nyuma ya mwingine. Juu anabaki mwendesha boti tunayemwita Redio kwa sababu haongei.

Uwanja huo wa kokoto niliugundua mimi, nikiwa na miaka kumi na tisa. Baba alikuwa mzamiaji wa kukwangua uchafu kwenye matumbo ya meli, na mimi nilikuwa msaidizi wake. Bosi nilimfundisha mimi kupumua chini ya maji, analia mpaka miwani inajaa machozi. Baba alipokufa boti ilikwenda kwa Bosi, kwa sababu yeye ni mwanamume na mimi ningeolewa. Kweli niliolewa. Baada ya miaka minne nikarudi nyumbani, chumba cha nyuma. Boti haikurudi kwangu.

Naitaka ile boti. Niandike tu, daftari halina mdomo.

Juni 15

Masikio: la kushoto linavuma kidogo. Wateja sita, meno matatu. Bwana mmoja alipanda na mfuko mtupu, akaniuliza kama nina hakika papa waliwahi kuwa na meno.

Juni 24

Leo amekuja Mkunga. Ni mwaka wake wa tatu kwetu. Mama wa miaka sitini na saba, mstaafu wa wodi ya wazazi, suti yake ya mpira imembana kiunoni na yeye mwenyewe ndiye anayejitania kabla watu hawajamtania. Ananichosha. Anaongea kuanzia gatini mpaka anapotia mpira wa hewa mdomoni, na akifika chini anavuta hewa kama mtu anayekimbizwa, mtungi unakwisha kabla ya wenzake. Miaka mitatu hajapata jino zima hata moja. Vipande tu.

“Mwanangu,” aliniambia tukirudi, “mwaka huu sitoki mikono mitupu.”

“Mungu akipenda, Mama,” nikamjibu, na moyoni nikasema utatoka nayo mitupu kama kawaida.

Julai 5

Meno mawili. Wateja sita. Bosi alinifuata stoo nikiwa naosha suti.

“Dada, watu wanalalamika.”

“Wana haki. Uwanja umekwisha. Tumeukwangua miaka ishirini na miwili.”

“Sasa tafuta uwanja mwingine.”

“Wale papa hawaoti meno mengine. Na kutafuta uwanja kunataka msimu mzima bila wateja. Funga mwaka mmoja, nitazunguka na boti, nitapata.”

Akacheka. Wifi naye, mkewe, aliyekuwa mlangoni na simu ya wateja, akacheka kwa sababu mumewe amecheka. Kisha Bosi akaniwekea mkono begani na kuniambia kwamba msimu ukiisha vizuri ataniandikisha mwenza, boti nusu kwa nusu. Nilijua ananivika kilemba cha ukoka. Lakini hata hivyo usingizi ulikuja mtamu.

Julai 11

Jino moja. Masikio: yanavuma.

Julai 18

Meno kumi na manne! Bosi alishuka alfajiri peke yake kukagua nanga, akasema maji ni mazuri, na kweli. Wateja walipiga makofi kwenye boti. Hata Redio alitabasamu, au jua lilimpiga machoni.

Julai 19

Meno kumi na saba. Wifi amepandisha picha mtandaoni. Nafikiri mkondo umefukua upande wa chini wa uwanja.

Julai 22

Haukufukua.

Leo nilitangulia kwenye kamba kwa hatua nyingi kuliko kawaida, kwa kuwa mteja wa kwanza alikuwa na shida na miwani na nilikuwa namngoja. Tochi yangu ikaangaza jino juu ya tope. Zima, la kahawia, limelala kama sabuni kwenye kisahani. Hatua tatu mbele, jingine. Kisha jingine, yote kando ya kamba, upande wa mkono wa kulia.

Jino la kweli halilali juu ya tope. Liko chini ya kokoto, kiganja kizima, na tope limejaa kwenye vitundu vya mzizi hata ulioshe wiki. Na meno ya uwanja wetu si ya kahawia. Ni ya kijivu, yenye rangi ya buluu kwa mbali, na ukanda mweusi juu ya mzizi, tunaouita ufizi. Niliyashika yale matatu nikiwa chini kule na nikatamani kupiga kelele, ila mtu akipiga kelele chini ya maji hutoa mapovu tu.

Tulipofika gatini sikungoja wateja waondoke. Nilimfuata Bosi chumba cha kompresa. Ile mashine ilikuwa inajaza mitungi, inanguruma, tukalazimika kugombana kwa sauti ya juu kama watu walio ng'ambo mbili za mto. Nilifunua turubai kwenye kona. Ndoo. Ndani ya ndoo, meno.

“Umeyanunua wapi?”

“Dada, punguza sauti.”

“Nimekuuliza.”

“Kwa mfanyabiashara. Yanatoka mto mwingine. Si ya uongo, ni ya papa vilevile.”

“Watu wanakuja kutafuta, wewe unawapangia kama vyombo vya sherehe!”

“Wanakuja kufurahi. Wakifurahi kuna ubaya gani? Nani ameumia?”

Nikamwambia mimi ndiye ninayetangulia na kamba. Mimi ndiye ninayewaambia papasa hapa, chimba pale. Wakiokota uongo, wameuokotea mkononi mwangu. Akaniambia nina maneno makubwa kuliko mfuko. Nikamwambia ana uso wa mbuzi. Mwisho akaapa ataacha. Ameapa kwa kaburi la baba, mbele ya kompresa.

Julai 27

Ameacha siku nne. Leo yapo tena.

Agosti 2

Nimepata dawa yake. Nashuka wa kwanza, nawaacha wateja wakamatie kamba pale kwenye nanga wazoee giza, na mimi napita haraka kando ya kamba nikiyazoa meno yake yote na kuyatia mfukoni mwangu. Nikifika mwisho wa uwanja, pale mto unapoingia shimoni, naumwaga mfuko. Kisha narudi kuwachukua wateja. Leo nimezoa kumi na moja. Wateja wamepata mawili, ya kweli.

Bosi aliniangalia tulipopanda. Nilimpa kisogo.

Agosti 3

Aliweka kumi na matano. Nimezoa kumi na matano.

Agosti 6

Tunaishi nyumba moja na hatusemeshani. Wifi ndiye mpelekaji wa habari. “Kaka yako anasema,” ananiambia, nami namrekebisha, “Mdogo wangu,” naye anasema, “Basi, mdogo wako anasema unamharibia kazi.” Nikamwambia amjibu kwamba mimi ndiyo hiyo kazi. Masikio: la kushoto linauma.

Agosti 12

Ameweka tisa, nimezoa tisa. Nimeanza kuona raha, na hiyo inanitia wasiwasi kidogo. Nikiyamwaga shimoni nafsi inatulia kuliko nikipata jino la kweli.

Agosti 26

Mkunga amerudi, siku nne. Ameniletea barua ya daktari wake niisome, kwa kuwa sheria inataka. Moyo wake hauko sawa. Daktari amemruhusu mwaka huu wa mwisho, tena maji yasiyozidi mita kumi na tano. Baada ya hapo asizamie tena.

Nilimuuliza kwa nini anajitesa, na mtaani kuna maduka yanauza meno haya. Sikumuuliza kwa wema. Alikuwa anavaa viatu, akaacha kamba bila kufunga.

“Miaka arobaini nimedaka watoto,” alisema. “Kila nilichokishika kwa mikono hii nimemkabidhi mwenyewe, nikaosha mikono nikaenda kwa mwingine. Silalamiki. Ila nataka kitu kimoja nikidake halafu kiwe changu.”

Akacheka, akaniambia nisimwangalie hivyo, hafi leo. Leo hakupata kitu.

Agosti 27

Hakupata. Lakini nimemwangalia vizuri kwa mara ya kwanza, na nimeona nilivyokuwa mjinga. Mikono yake inajua. Wengine huchimba kama wanaolima, yeye huingiza vidole polepole chini ya kokoto, anazunguka, anatoa. Uwanja wetu ungekuwa na kitu, angekuwa amekipata mwaka ule wa kwanza. Na ile hewa anavuta sana kwa sababu ya moyo. Miaka mitatu nilisema ni woga.

Agosti 28

Leo nimefanya kitu ambacho kinanichoma. Nilizoa ya Bosi kama kawaida, lakini moja lilinipita. Nililiona tukiwa njiani na wateja. Lilikuwa kubwa, la kahawia, na mkono wa Mkunga ulikuwa umebakiza dhiraa moja kulifikia. Nililiwahi. Nikalichukua mbele ya vidole vyake, kwenye giza, na yeye asijue.

Kwenye boti alikaa nyuma, akavua miwani, akajifanya anaifuta. Aliifuta muda mrefu sana. Redio alizima injini gatini na kunitazama, kisha akatazama maji.

Agosti 29

Nitaandika kama ilivyokuwa.

Chumbani kwangu kuna kabati, na ndani ya kabati nilikuwa na jino nililolipata siku ile ya kwanza kabisa ya uwanja, nikiwa na miaka kumi na tisa. La kijivu-buluu, ufizi mweusi, linajaa kiganja. Sijawahi kupata jingine kama hilo na sijawahi kukubali liuzwe, hata nilipokuwa sina kitu. Asubuhi nimelitia kifuani ndani ya suti.

Nilishuka kwanza. Nikazoa matano ya Bosi. Kisha nikachagua mahali penye kokoto nene, nikachimba kiganja kizima, nikalilaza jino ubavu jinsi yanavyolala, nikalijaza tope kwenye mzizi, nikafukia, nikapapasa juu mpaka pakawa kama mto wenyewe ndio uliofanya. Bosi hajui kuweka jino. Mimi najua.

Nilimweka Mkunga wa pili kwenye kamba, nyuma yangu tu. Nilipofika pale nikapunguza mwendo. Sikumwelekeza. Nilisimamisha bisibisi, nikakaa. Niliona vidole vyake vikiingia, vikizunguka, vikasimama. Kisha tochi yake ikaanza kutikisika. Akanishika mkono na kunibana mpaka nikahisi mifupa, na ndani ya miwani nikaona macho yake.

Juu, alilia mbele ya watu bila aibu. Akasema, “Nimelidaka! Mwanangu, nimelidaka mwenyewe!” Wateja wengine walilia naye. Nami nililia. Nimefurahi leo kuliko siku yoyote ya miaka mingi, na naandika hivi nikijua nilichofanya. Si sawa na ya Bosi. Lile ni jino la uwanja ule, lilitoka pale. Nimelirudisha tu.

Agosti 30

Nimesoma ya jana. Si sawa na ya Bosi. Ninasema tena.

Septemba 3

Masikio: mazima. Sijazoa ya Bosi tangu juzi. Nimechoka. Wateja wanaokota na kushangilia, mimi najifanya natazama geji ya hewa.

Septemba 14

Miongoni mwa wateja wa leo alikuwamo daktari wa meno na mkewe. Aliokota jino la kahawia karibu na nanga, akapanda nalo, akaliweka juani na kuligeuza. Bosi alikuwa gatini na kamera.

“Hili jino limezibwa,” akasema yule daktari.

Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

“Nimeziba meno miaka kumi na tisa. Hapa juu palitobolewa tundu, kama la kupitisha uzi, halafu likazibwa. Na aliyeziba ni fundi mbovu.”

Akatoa kijisu, akachokonoa, na unga mweupe ukadondoka kwenye kiganja chake. Tundu safi, la mashine. Lilikuwa kidani. Bosi, kwa mkono wake wa birika, alinunua vidani vilivyokosa wateja, na hakuvitazama hata kimoja kabla ya kuvizamisha.

Mke wa daktari akauliza, “Kwa hiyo papa alikuwa amelivaa shingoni?” Nilicheka. Sikuweza kujizuia. Bosi aliniona nikicheka.

Septemba 16

Picha ya lile tundu imezagaa kila simu. Wateja wa mwezi mzima wanarudisha meno. Ofisi ina foleni, Wifi amejifungia chooni.

Mchana nimesikia kwa masikio yangu, mazima kabisa, Bosi akiwaambia watu dirishani: “Mimi nakaa juu. Anayeshuka ni Dada. Yeye ndiye anayejua kilichoko huko chini.”

Nilisimama nyuma ya mlango nikiwa na mtungi mkononi. Nilimfundisha kupumua, yule.

Septemba 20

Chama cha wazamiaji kimetuita sote wawili, tarehe nne mwezi ujao. Atakayeonekana ndiye aliyeweka meno atanyang'anywa kibali. Kama ni yeye, boti haiwezi kubaki kwa asiye na kibali, itakuja kwangu. Kama ni mimi, sitashuka tena mto wowote. Nikipoteza kibali sina boti, sina uwanja, nina chumba cha nyuma nyumbani kwa aliyenipaka matope.

Septemba 27

Mkunga amekuja. Si ofisini, chumbani kwangu. Aliketi kitandani kwa kuwa kiti nina kimoja na kilikuwa na nguo. Jino alikuwa nalo kwenye kitambaa safi, kama vile wanavyofunga vitoto.

“Nimesoma yanayosemwa,” alisema. “Siyaamini. Lakini nimekuja kuuliza mara moja, nikitoka hapa siulizi tena. Langu?”

“Lako ni la kweli, Mama. Limetoka uwanjani pale.”

“Nalijua ni la kweli, nimelipeleka kwa wajuzi. Nauliza kama hukuliweka wewe.”

Dirishani alikuwa anapita muuza mkaa, akanadi mara mbili. Ningeweza kuhesabu kila sauti ya mtaa ule.

“Sikuliweka,” nikasema.

Alinibusu kwenye paji la uso. Akasema atakuja mbele ya Chama aniseme vizuri.

Ningependa kuandika kwamba nilimhurumia. Nilimhurumia kweli. Lakini huruma haikuwa ya kwanza kufika. Ilitangulia boti.

Oktoba 4

Ukumbi wa Chama ni darasa la kuazima, tumekaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamegusa mbao. Mwenyekiti ni mzamiaji wa zamani, mkali, kiziwi wa sikio moja. Bosi alianza. Akasema yote kama alivyosema dirishani: Dada ndiye anayeshuka, Dada ndiye aliyeweka. Hakunitaja hata mara moja bila kuniita Dada.

Kisha akasimama Redio. Ukumbi mzima uligeuka, maana wengine walidhani ni bubu.

“Bosi anashuka alfajiri na mfuko umejaa,” alisema. “Anapanda mfuko mtupu. Dada anashuka mfuko mtupu, anaujaza kule chini, anakwenda kuumwaga shimoni. Nimeona mapovu yake yanapokwenda. Nimemaliza.” Akaketi.

Wifi akaanza kulia.

Mwisho akaja Mkunga. Alitembea polepole mpaka mbele, akakifungua kitambaa mezani kwa Mwenyekiti. “Huyu ndiye aliyeniongoza,” alisema. “Angetaka kunidanganya, angenidanganya mwaka wa kwanza nilipolia. Aliniacha nitoke mtupu miaka mitatu, akaniacha nilidake mwenyewe.” Mwenyekiti akavaa miwani, akachukua lenzi, akalikagua. Tope kwenye mzizi, rangi ya uwanja. “Hili halikuwekwa na mtu,” akasema. Akampa Bosi alione.

Bosi alilipokea. Alipokuwa na miaka minane, alilitumia lile jino kuvunjia mbegu ngumu nyuma ya nyumba, likamomonyoka kwenye ncha, nikamchapa mpaka jirani akaingilia. Pana pengo dogo pale, dogo kama punje ya mchele. Nilimwona akiligeuza. Nilimwona kidole gumba kikifika kwenye ncha na kusimama.

Akainua macho, akanitazama. Moyo ulinipiga kiasi kwamba nilisikia kwenye masikio yote mawili. Neno moja lake lingetosha. Mwenyekiti akauliza kama kuna mwenye la ziada, yeyote yule. Bosi hakuondoa macho kwangu. Dawati la mtu likalia.

“Sina la kusema,” akasema Bosi, na akamrudishia Mkunga jino kwa mikono miwili.

Amenyang'anywa kibali misimu mitatu. Mimi nimesafishwa. Mwenyekiti alinipa mkono na kusema mto unahitaji watu kama mimi.

Oktoba 6

Amekuja na funguo za boti. Amesema wanahamia kwa wazazi wa Wifi, atatafuta kazi bandarini, kukwangua meli kama baba. Niliteleka chai. Alibaki amesimama.

Nilikaa siku mbili nikipanga nitakavyomuuliza, mwishowe nikauliza hivihivi tu.

“Kwa nini hukusema?”

“Ningemwambia nini yule mama? Analishika kama katoto.” Akaziweka funguo mezani. “Halafu nilikuwa nakusubiri.”

“Kunisubiri nini?”

“Useme wewe. Nilijua utasema. Msimu mzima umenisema, umeniita mwongo mbele ya kompresa, mbele ya mke wangu. Nikasema, Dada hawezi kulinyamazia hili. Mwenyekiti alipouliza nani ana la ziada, nilikuangalia, nikangoja.” Alitikisa kichwa, si kwa hasira. Hasira ningeijibu. “Nimengoja sana, Dada.”

Nilitaka kumwambia kwamba yeye ndiye aliyenisingizia. Kwamba lile lilikuwa jino langu. Kwamba boti ingepaswa kuwa yangu tangu mwanzo. Yote ni kweli, nami nikammiminia chai. Aliondoka, chai ikapoa kwenye kikombe chake.

Oktoba 9

Mvua imeanza. Mto umechafuka, msimu umekwisha. Nimekwenda kuihamishia boti kwenye maji matulivu. Redio alinisaidia kufunga, nikamwambia asante kwa kunitetea, akasema alisema alichoona tu.

Wateja wanne wamepiga simu kuandikisha nafasi za mwakani. Wote wanne, kabla hata ya kuuliza tarehe, waliuliza kama mwongozaji atakuwa yule dada mwaminifu.

Nimewajibu ndiyo, ndiye mimi.